Kilema cha kuzaliwa au jeraha la ukubwani? Namna ya kusoma kasoro za stempu za zamani za Kongo

Baba mkubwa aliushusha mkebe wa biskuti uliokuwa umekaa juu ya kabati tangu nikiwa mtoto, akaumimina mezani, pale barazani kwake Katuba. Zikatoka stempu kama mia tatu hivi. Nyingine zilikuwa bado zimeng'ang'ania vipande vya bahasha, nyingine zimegandana mbilimbili kwa unyevu wa masika mengi. Alifanya kazi ya ukarani miaka mingi hapa Lubumbashi, na barua iliyopita mikononi mwake haikuondoka na stempu yake. Akainyanyua moja kwa ncha ya kucha: fremu nyekundu, picha nyeusi katikati, maporomoko ya maji ya karibu na Kisangani, santimu 10. "Hii iliharibika, mwanangu," akasema, akaisukuma pembeni.

Kwenye anga juu ya maji, mahali palipotakiwa kuwa patupu, palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele, umelala mshazari. Nilimwomba asiitupe. Mstari ule ndio ulionifanya niandike makala haya, kwa sababu kila nikimwonyesha mtu huwa na jibu tayari: mmoja husema ni kosa adimu na tutatajirika, mwingine husema ni uchafu. Wote wawili hujibu kabla ya kuuliza swali linalopaswa kutangulia, nalo ni hili: alama hii ilizaliwa lini?

Stempu, au timbre kama wengi wetu tunavyosema hapa mjini, hupitia hatua tatu katika maisha yake. Kwanza hutengenezwa bamba la kuchapia. Kisha karatasi hupita kwenye mashine, ikakutana na bamba na wino. Halafu stempu hutoka kiwandani, huuzwa, hubandikwa, hugongwa muhuri, hubanduliwa, huhifadhiwa vizuri au vibaya. Alama inaweza kuingia katika hatua yoyote kati ya hizo. Iliyoingia kwenye bamba ni kilema cha kuzaliwa: itajirudia kwenye kila karatasi iliyochapwa na bamba hilo, mahali palepale, mpaka bamba lirekebishwe au liachwe. Iliyoingia wakati wa kuchapa ni ajali ya siku moja: imetokea mara moja au mara chache, na hutaikuta tena kwa sura ileile. Iliyoingia baada ya hapo ni jeraha tu, hata likiwa zuri namna gani. Watu hutupa vilema vya thamani na kununua majeraha kwa sababu hawajatenganisha hatua hizi tatu.

Bamba linavyosema

Ili ujue kama alama ilitoka kwenye bamba, lazima kwanza ujue bamba lilikuwa la aina gani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapotelea.

Stempu zile za maporomoko, pamoja na ndugu zake zenye bandari ya Matadi, daraja la reli la mto Mpozo, uwindaji wa tembo na mtumbwi, zilianza kutolewa mwaka 1894, enzi za Dola Huru la Kongo la Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Wakusanyaji huziita "Mols", kwa jina la Robert Mols, mchoraji wa Antwerp, na zilichapwa London na kampuni ya Waterlow & Sons. Sura yake ilidumu hadi miaka ya 1920, jina la nchi likibadilika juu yake. Uchapaji wake ni wa mchongo. Fundi huchonga picha kwa mkono kwenye kipande cha chuma, kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo. Chuma hicho hufanywa kigumu, kisha picha yake huhamishiwa kwenye rola, na rola hiyo hukandamizwa kwenye bamba tena na tena mpaka bamba lijae picha zinazofanana. Stempu ya kwanza duniani, Penny Black ya Uingereza ya mwaka 1840, ilikuwa na picha 240 kwenye bamba moja.

Kwenye uchapaji wa mchongo, wino hukaa ndani ya mifereji. Uso wa bamba hufutwa ukawa safi, karatasi huwekwa juu, na mgandamizo mkubwa huifanya karatasi iingie mferejini na kuuchota wino. Ndiyo maana ukipitisha ncha ya kidole kwa wepesi juu ya stempu ya namna hii, unahisi mistari imeinuka.

Sasa fikiria mtu amelikwaruza bamba hilo kwa chuma. Mkwaruzo ni mfereji mpya. Wino utaingia humo, na kila stempu itakayotoka hapo itakuwa na mstari wa ziada wenye rangi. Kwa hiyo kwenye mchongo, bamba likiumia, rangi huongezeka.

Njia ya pili ni ya herufi zilizoinuka, ile ya mihuri na magazeti ya zamani. Hapa wino hukaa juu ya sehemu zilizoinuka, na mabonde hubaki matupu. Likwaruze bamba hili, na mkwaruzo utakuwa bonde: mahali hapo hapatagusa karatasi, na stempu itatoka na mstari mweupe. Herufi ikigongwa hupoteza mguu, fremu hukatika pembeni. Bamba likiumia, rangi hupungua. Utaitambua njia hii kwa mambo mawili: kingo za herufi huwa na wino mzito zaidi kuliko katikati, kwa sababu mgandamizo huusukuma pembeni, na ukigeuza stempu utaona pengine karatasi imevimba kidogo nyuma.

Tofauti hii moja tu, kuongezeka au kupungua kwa rangi, imeniokoa mara nyingi kuliko kitabu chochote cha bei. Mtu akikuletea stempu ya mchongo yenye mstari mweupe uliokata picha, akakuambia ni mkwaruzo wa bamba, una haki ya kukataa. Mstari mweupe kwenye mchongo una maelezo mengine: unyuzi uliokaa kati ya karatasi na bamba, mkunjo, au mtu aliyekwangua kwa sindano.

Njia ya tatu ni ya jiwe, iliyobuniwa na Aloys Senefelder huko Ujerumani mwaka 1796, ambayo baadaye ilihamia kwenye mabamba ya zinki na ndiyo mzazi wa ofseti ya leo. Humo hakuna mfereji wala mwinuko. Mafuta hukataa maji, basi. Wino hulala bapa kabisa. Kasoro yake maarufu ni pete: chembe ya vumbi au ya wino mkavu hunata kwenye bamba, na kwenye stempu huonekana nukta ya rangi iliyozungukwa na duara jeupe. Pete huwavuruga hata wazoefu, kwa sababu haikai hatua ya kwanza wala ya pili barabara. Hujirudia mahali palepale kwenye karatasi nyingi zinazofuatana, kisha fundi akifuta bamba hutoweka. Ukipata stempu mbili zenye pete ileile, usikimbilie kusema ni kilema cha bamba. Sema ni mgeni aliyekaa siku chache.

Njia ya nne ni ile ya vishimo vidogo sana vilivyotengenezwa kwa msaada wa picha ya kamera. Maua ya Kongo ya mwaka 1952, yale mazuri ambayo nyumba nyingi za hapa bado zinayo kwenye albamu, yalichapwa hivyo. Ukiyatazama kwa lenzi inayokuza mara 10, rangi huvunjika ikawa nukta zilizopangika kama wavu, na kingo za herufi huwa na meno kama msumeno. Meno hayo si kasoro, nisikusikie ukiyauza. Kasoro ni nukta kubwa isiyofuata mpango wa wavu, nyeupe au yenye rangi, inayojirudia kwenye stempu ileile ya kila karatasi.

Vilema vingine vya bamba havitokani na kuumia bali na mkono wa aliyelitengeneza. Rola ikirudishwa mara ya pili mahali ambapo picha imeshakaa, na ikakosea hata kwa upana wa unywele, mistari itatoka maradufu, hasa kwenye herufi na kwenye fremu ya upande mmoja. Au fundi husahau. Stempu nyekundu za peni moja za Uingereza zilikuwa na herufi mbili pembeni chini, zilizogongwa kwa mkono kwenye bamba, moja moja. Kwenye bamba namba 77, stempu ya kwanza ya safu ya pili ilipata B yake, lakini A ikasahaulika. Sweden mwaka 1855 ilikuwa na stempu ya skilling 3 ya rangi ya kijani-buluu na ya skilling 8 ya njano. Inaaminika kwamba kipande cha chapa cha 3 kiliwekwa kimakosa katikati ya vipande vya 8, ikatoka skilling 3 ya njano. Inajulikana moja tu duniani.

Siku ya ajali

Ajali za mashine ndizo zinazopendeza macho, na ndizo zinazodanganya zaidi. Wino ukipungua, stempu hutoka imefifia. Karatasi ikitikisika, picha hupakazika upande mmoja. Watu huiita chapa mbili, lakini chapa mbili ya kweli inataka bamba liguse karatasi mara mbili, na utaona picha nzima mara ya pili, japo hafifu. Kupakazika ni kupakazika.

Kuna alama moja ya ajali ninayoipenda kwa sababu inajithibitisha yenyewe. Karatasi ikiingia kwenye mashine ikiwa na mkunjo, wino utachapwa juu ya mkunjo. Baadaye mkunjo ukifunguliwa, utaona utepe mweupe uliokata picha, na ukiurudisha mkunjo kwa upole, picha inaungana sawasawa. Mkunjo uliotokea mfukoni mwa mtu hauna utepe mweupe ulionyooka. Una nyuzi za karatasi zilizovunjika, na wino umepasuka juu yake. Ukitumia kibano na lenzi, utaijua tofauti kwa dakika moja.

Alama nyingine ni kivuli cha nyuma. Karatasi zenye wino mbichi zikipangwa moja juu ya nyingine, ya chini huacha picha yake kwenye mgongo wa ya juu. Picha hiyo itakuwa kinyume, kama kwenye kioo. Ikiwa unachoona nyuma kimeelekea sawa na picha ya mbele, huenda ni chapa ya kweli ya upande wa pili, jambo adimu. Ikiwa kimegeuka kama kwenye kioo, ni kivuli, au ni wino ulionyonywa na kutokeza upande wa pili kwa sababu ya maji.

Kisha kuna picha iliyopinduka, ndoto ya kila mkusanyaji. Kwanza uelewe inavyotokea. Stempu ya rangi moja, iliyochapwa kwa pigo moja, haiwezi kuwa na picha iliyopinduka ndani ya fremu, kwa sababu vyote viwili vimo kwenye bamba moja. Inataka mapigo mawili: fremu kwa rangi moja, picha kwa rangi nyingine. Karatasi ikiingizwa kichwa chini kwenye pigo la pili, zote zilizo kwenye karatasi hiyo hupinduka. Stempu za Mols zilipita njia hiyo ya mabamba mawili, na zipo zilizotoka na picha kichwa chini. Ila zilizo nyingi zaidi ni zile ambazo picha imesogea tu, kushoto au juu, ikagusa fremu. Hizo ni za kawaida sana. Zinapendeza, zinafundisha, lakini anayekutoza bei kubwa kwa picha iliyosogea milimita moja anakuonea.

Kisa kinachotajwa kila mahali ni cha Marekani, tarehe 14 Mei 1918, ambapo William Robey alinunua karatasi ya stempu 100 za senti 24 kwenye posta ya Washington akakuta ndege zote zimepinduka. Mimi kisa kinachonigusa zaidi ni kingine, kwa sababu mzizi wake uko huku kwetu. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, Septemba 1961, akienda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga na Kongo, juu ya vita ya huko. Mwaka uliofuata Marekani ikamtolea stempu ya senti 4 ya kumbukumbu. Leonard Sherman wa New Jersey akanunua karatasi ya stempu 50 akagundua rangi ya njano imepigwa kichwa chini. Furaha yake haikudumu. Mkuu wa posta aliamuru zichapwe nyingine kwa makusudi, zenye kosa lilelile, zaidi ya milioni 40, ili kosa lisimtajirishe mtu yeyote. Leo ziko tele. Kwa hiyo hata kosa la kweli, lililothibitishwa, halina uadimu ndani yake mpaka ujue zilitoka ngapi.

Maneno yaliyopigwa juu

Kwa mkusanyaji wa Lubumbashi, shamba kubwa ni hili: stempu zilizogongwa maneno mapya juu ya picha ya zamani. Nchi yetu imebadilika jina na wenyewe mara nyingi, na kila mara stempu za zamani zimepigwa jina jipya kabla mpya hazijafika.

Ubelgiji iliitwaa Kongo kutoka kwa Leopold II tarehe 15 Novemba 1908. Stempu za Mols zilizokuwa ghalani zikagongwa maneno CONGO BELGE, nyingine kwa mashine, nyingi kwa muhuri wa mkono. Mkono hauna reli. Maneno yamelala upande, yamepanda juu, yamerudiwa, yamepinduka. Hapo inabidi ubadilishe kipimo chako. Kwenye chapa ya mashine, maneno yaliyopinduka maana yake karatasi nzima ilipinduka. Kwenye chapa ya mkono, maana yake karani mmoja aligeuza muhuri mara moja, na kupinda kidogo ni tabia ya chapa yenyewe wala si kasoro. Na kwa kuwa muhuri wa mkono ni rahisi kuiga, za bandia ni nyingi.

Mwaka 1916 majeshi yaliyotoka Kongo yaliingia Afrika Mashariki ya Wajerumani, yakafika Kigoma na Tabora. Stempu za Kongo zikapigwa maneno ya utawala wa Kibelgiji, kwa Kifaransa na Kiflemi, zikatumika huko. Msomaji wa Kigoma anayekuta stempu ya Kongo kwenye barua za babu yake asishangae.

Halafu ikaja tarehe 11 Julai 1960. Katanga ilijitangaza dola, mji wetu ukiwa bado unaitwa Élisabethville. Hakuna nchi iliyoitambua rasmi, lakini barua ziliendelea kwenda, na stempu za Kongo ya Kibelgiji, yakiwemo yale maua ya 1952, zikapigwa neno KATANGA. Vita ile ilimalizika Januari 1963. Maneno hayo bado yanauma kwa familia nyingi, na naelewa wasiotaka kuyaona. Lakini ni kumbukumbu, na kumbukumbu inastahili kusomwa kwa makini.

Stempu ya namna hiyo ndiyo iliyonifunza kwa fedha yangu mwenyewe. Muuzaji mmoja, miaka iliyopita, aliniuzia ua lenye neno KATANGA lililopinduka, likiwa limegongwa muhuri wa posta. Nililipa pesa ya chakula cha nyumba ya wiki nzima. Nilifika nyumbani nimejaa furaha, nikaiweka chini ya taa, nikaitazama kwa lupu ya fundi wa saa. Mkono wa K ulikuwa umevuka duara la muhuri. Nikaiinamisha stempu ili mwanga upige kwa ubavu. Mahali wino wa K ulipokutana na wino wa muhuri, K ilikuwa nzima, inang'aa, na mstari wa muhuri ulikuwa umekatika chini yake. Maana yake neno liligongwa baada ya muhuri. Haiwezekani: neno hupigwa kiwandani kabla stempu haijauzwa, na muhuri wa posta huja mwisho, juu ya vyote. Nikatafuta tarehe ndani ya duara. Tarakimu mbili za mwisho zilisomeka vizuri: 58. Mtu alichukua stempu iliyotumika mwaka 1958, akaigonga neno la mwaka 1960.

Niliumia sana, na bado ninayo. Huwa naitoa kila mtu anaponiletea neno lililopinduka, tuitazame pamoja kwanza. Angalizo moja: wino mweusi juu ya wino mweusi huweza kudanganya jicho, kwa hiyo usihukumu kwa mwanga mmoja. Zungusha stempu, ubadilishe taa, upige picha kubwa kwa skana ya nukta 1200 kwa inchi ukiweza. Na soma tarehe. Waghushi wengi hufanya kazi nzuri ya herufi wakasahau kalenda.

Kwenye maneno hayo ya juu pia kuna vilema vya kweli vya kuzaliwa. Yalipangwa kwa herufi za risasi, na herufi ikivunjika mguu itaonekana imevunjika kwenye stempu ya nafasi hiyo ya kila karatasi. A isiyo na mstari wa katikati, T yenye bega moja: hizo hazivutii macho kama neno lililopinduka, ndiyo maana waghushi hawazijali sana, na ndiyo maana mimi nazijali.

Majeraha

Juu ya majeraha nitasema machache. Rangi iliyokosekana: kabla ya kuamini kwamba njano haikuchapwa, tafuta kwa lenzi hata nukta moja ya njano. Ukiipata, rangi ilichapwa, jua au maji yakaila. Rangi iliyogeuka kahawia huwa ni kazi ya kemikali; baadhi ya rangi za chungwa na nyekundu za zamani hugeuka zikikutana na salfa, na mpira wa kufungia karatasi unayo. Tafadhali usifunge stempu kwa mpira. Madoa ya kutu ni kuvu wa unyevu, na mwezi wa Januari hapa kwetu unatosha kuyaotesha kwenye albamu iliyofungwa.

Stempu isiyo na meno pembeni ni mtego mwingine. Mkasi hukata meno kwa sekunde. Usiikubali peke yake. Idai ikiwa imeshikamana na mwenzake bila vitobo kati yao, au ikiwa na nafasi pana pande zote nne, pana kuliko stempu yenye meno inavyoweza kutoa. Na meno yenyewe yahesabu: kipimo ni idadi ya vitobo katika sentimita 2, utaratibu uliowekwa na daktari Mfaransa, Legrand, mwaka 1866. Meno yaliyotobolewa upya na mghushi mara nyingi hayakubali hesabu ya upande wa pili.

Sasa turudi kwenye unywele wa baba mkubwa. Ni stempu ya mchongo, na alama imeongeza rangi, kwa hiyo bamba lilikuwa mshukiwa wa kwanza. Chini ya lenzi, mstari ulikuwa na wino ulioinuka kama mistari mingine ya picha. Kalamu ingeacha wino uliozama kati ya nyuzi za karatasi. Ulikuwa mweusi uleule wa maporomoko. Lakini ushahidi wa stempu moja ni wa shahidi mmoja, nami sikuwa tayari kusema lolote zaidi.

Miezi minne baadaye, mama mmoja wa Kamalondo alinipa bahasha ya stempu za marehemu mume wake nimsaidie kuzipanga. Maporomoko yalikuwamo sita. Kwenye ya tano, anga lilikuwa na unywele.

Niliipeleka Katuba siku ileile. Tukaziweka ubavu kwa ubavu chini ya lupu, na kwa sekunde chache nilivunjika moyo, kwa sababu nikipima kutoka kwenye fremu nyekundu, mistari haikukaa mahali pamoja: mmoja ulikuwa chini zaidi ya mwenzake. Baba mkubwa ndiye aliyeona, yeye ambaye alitaka kuitupa. "Usipime kutoka kwenye nyekundu," akasema. "Nyekundu na nyeusi hazikuchapwa pamoja, si ulinieleza wewe?" Nikapima upya, kutoka kwenye ncha ya mwamba wa kushoto, ambao ni mweusi kama mstari wenyewe. Zikalingana. Mstari unaanzia palepale, unakata anga kwa mshazari uleule, unaishia kabla tu ya ukingo wa picha. Ulikuwa kwenye bamba la picha, na picha ilisogea ndani ya fremu kati ya karatasi moja na nyingine.

Hatujui bado thamani yake na hatujauliza. Nimeandika vipimo kwenye daftari, nimeichora, nimeipiga picha. Mama wa Kamalondo ameweka yake kwenye kibahasha cha peke yake. Na baba mkubwa ameacha kabisa kubandua stempu kwenye bahasha na kutenganisha zilizoshikana, kwa sababu tunachohitaji sasa ni ya tatu, iliyo bado imeungana na jirani zake: hao jirani, kwa alama zao ndogo, ndio watakaotuonyesha bamba lilikwaruzwa kwenye nafasi ipi.